Mtihani wa Kiingereza na Fedha za Nyumbani

Siku hizi katika mji wetu wa Lubumbashi si ajabu kumkuta baba au mama ameshika karatasi yenye majina asiyoyafahamu: TOEFL, IELTS, Duolingo. Mtoto wake amemaliza masomo ya sekondari, amepata diploma yake ya Serikali, naye ataka kwenda kusoma Afrika ya Kusini, au Kenya, au Marekani. Chuo kimemjibu kwa adabu kwamba kitamfikiria, lakini kwanza alete ushahidi kuwa ajua Kiingereza. Ushahidi huo ni mtihani, na mtihani wenyewe hulipiwa kwa dola. Hapo ndipo mzazi anapouliza: Kitu hiki ni nini? Mtoto wangu aliyekwisha kufaulu mbele ya Serikali, kwa nini apimwe tena? Nikizitoa fedha hizi, nitapata nini?

Maswali hayo ni ya haki. Twataka kuyajibu leo kwa utaratibu, kwa sababu tumeona nyumba nyingi zikitoa fedha kwanza na kuuliza baadaye.

Yafaa tuanze kwa kusema kwamba Kiingereza si mgeni kabisa katika nchi ya Katanga. Reli iliyofika hapa mwaka 1910 ilitoka kusini, ikipita Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ndiyo Zambia. Mgodi wa shaba ulio karibu na mji, ambao sisi twauita kwa Kifaransa Étoile, Waingereza wa siku zile waliuita Star of the Congo. Mpaka wa Kasumbalesa uko mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka mjini, na ng'ambo yake mambo ya ofisi huandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha, na humo Kiingereza hutumika sana mikutanoni na katika maandishi. Wako mapadri na masista wa Kongo waliotumwa Nairobi kusoma katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1984, na huko masomo hutolewa kwa Kiingereza.

Haja, basi, ipo. Lakini shuleni kwetu lugha ya masomo ni Kifaransa, sokoni na nyumbani twasema Kiswahili, na Kiingereza hufundishwa saa chache tu kwa juma. Kijana wetu hukijenga Kiingereza chake juu ya lugha nyingine mbili, na mara nyingi hukijenga kwa macho kuliko kwa masikio.

Kupima watu kwa ulimi ni jambo la kale. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, twasoma habari za watu wa Gileadi waliokilinda kivuko cha Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliagizwa kutamka neno moja tu, Shibolethi. Mtu wa Efraimu hakuweza kuitoa ile sauti ya kwanza. Alisema Sibolethi, akauawa palepale. Mtihani ule ulikuwa na swali moja, na kusudi lake lilikuwa kuangamiza.

Wala tusidhani ya kuwa ukatili wa namna hiyo ulikwisha pamoja na watu wa kale. Australia, kwa sheria ya mwaka 1901, ofisa wa uhamiaji aliweza kumwagiza mgeni aandike imla ya maneno 50 kwa lugha ya Ulaya aliyoichagua ofisa mwenyewe. Ikiwa mgeni hakutakiwa, alichaguliwa lugha asiyoijua. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, mtu aliyejua lugha nyingi, alipewa imla ya Kigaeli cha Scotland. Sheria hiyo ya imla ilifutwa mwaka 1958 tu.

Twayataja haya kusudi msomaji ajue kupambanua. Mtihani wa namna ile ulificha swali ili mtu aanguke. Mitihani tunayoizungumza leo hutangaza mapema sehemu zake, muda wake, namna ya maswali yake na jinsi alama zinavyotolewa. Ni lango, hilo hatukatai, na lango lenye gharama. Lakini ufunguo wake huonyeshwa hadharani, na anayetaka aweza kuuchonga taratibu nyumbani kwake. Kosa letu kubwa ni kukimbilia lango kabla ya kuuchonga ufunguo.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilitunga mtihani wa Kiingereza kwa wageni. Mara ile ya kwanza watahiniwa walikuwa watatu, mtihani ukachukua saa 12, na wote watatu walianguka. Mwanafunzi aliyepata alama ndogo mwaka huu na ajifariji: anao wenzake wa tangu zamani. Mwaka 1964, mji wetu ungali ukiitwa Élisabethville, Marekani walianzisha TOEFL kwa ajili ya wageni waliotaka kuingia vyuo vyao. Husimamiwa na shirika liitwalo ETS. Mwaka 1989 ilianza IELTS, ambayo ni mali ya British Council, ya shirika la IDP la Australia, na ya Cambridge. Katika miaka ya 2010 ukaja mtihani wa Duolingo, unaofanywa nyumbani kwa kompyuta yenye intaneti, kwa bei iliyo chini sana ya ile miwili mingine.

Sasa twaingia katika jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, nalo ndilo linaloleta machozi. Katika mtihani wa Serikali tunaouita Exetat, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1967, mwanafunzi aliyefikia asilimia 50 amefaulu, na ambaye hakufika amekosa. Diploma akiipata ni yake mpaka kufa. Mitihani ya Kiingereza haiendi hivyo. Katika IELTS na TOEFL hakuna kufaulu wala kuanguka. Karatasi humtaja mtu daraja lake tu, na kila chuo hujiamulia daraja kinalotaka. IELTS hupima kutoka 0 hadi 9. Vyuo vikuu vingi hutaka 6, au 6.5, au 7, kwa kadiri ya masomo. Kijana mwenye 6 aweza kukataliwa na chuo kimoja na kupokelewa na kingine kwa karatasi ileile.

Tena karatasi hiyo ina umri. Matokeo ya TOEFL na IELTS huhesabiwa kuwa mazima kwa miaka miwili, kisha husemwa kwamba yamechakaa. Yule aliyefanya mtihani mapema mno, kabla ya kujua atakwenda chuo gani na lini, huenda akajikuta analipa mara ya pili.

Tueleze pia kinachopimwa. Ni mambo manne: kusikia, kusoma, kuandika na kusema. Tuchukue IELTS kuwa mfano. Kusikia huchukua dakika 30 hivi kwa maswali 40, na maneno husikizwa mara moja tu, hayarudiwi. Kusoma ni saa moja, kwa maswali 40 vilevile. Kuandika ni saa moja kwa kazi mbili: ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250. Kusema ni mazungumzo na mtahini kwa dakika 11 hadi 14. Katikati ya mazungumzo hayo mtahiniwa hupewa jambo la kusimulia. Hufikiri kwa dakika moja, kisha husema peke yake hata dakika mbili. Katika TOEFL hakuna mtu wa kutazamana naye: mtahiniwa husema na kipaza sauti cha kompyuta.

Alama za sehemu nne hujumlishwa na kugawanywa kwa nne. Tuseme binti amepata 6.5 katika kusikia, 6.5 katika kusoma, 6 katika kuandika na 6 katika kusema. Wastani ni 6.25, nao hupandishwa kuwa 6.5. Lakini kama kuandika kungeshuka hata 5.5, wastani ungekuwa 6.125, nao ungeteremshwa kuwa 6. Angalieni jinsi nusu daraja katika sehemu moja inavyoweza kumzuia mtu nje ya mlango. Zaidi ya hayo, vyuo vingi huweka kiasi cha chini katika kila sehemu peke yake, hivi kwamba msomaji hodari asiyeweza kusema hawezi kuokolewa na usomaji wake. Kuhusu TOEFL, miaka mingi alama zake zilihesabiwa kati ya 0 na 120, na tangu Januari 2026 hutolewa kwa daraja 1 hadi 6. Msishangae, basi, mkikuta barua ya chuo inayotaja alama za zamani.

Je, kijana wa Lubumbashi huingia katika mtihani huu na mzigo gani? Tuanze na baraka, kwa maana tunazo. Tangu Wanormani waliposhinda Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kimejaa maelfu ya maneno ya Kifaransa na Kilatini, na hasa maneno ya vitabu: nation, justice, science, education. Aliyesoma kwa Kifaransa huyatambua mara moja. Ndiyo sababu wanafunzi wetu mara nyingi hushika vema sehemu ya kusoma kuliko sehemu nyingine.

Lakini maneno hayohayo huficha miiba. Kwa Kifaransa "attendre" ni kungoja. Kwa Kiingereza "attend" ni kuhudhuria. "Librairie" ni duka la vitabu, lakini "library" ni maktaba. "Actuellement" ni sasa hivi, lakini "actually" ni kwa kweli. Mwanafunzi anayetaka kusema kwamba alilingoja basi husema ya kuwa alihudhuria basi, na mtahini hucheka kimoyomoyo. Kiswahili nacho hutia mkono wake: sisi twasema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke, hivyo mtoto hodari kabisa, akiwa na haraka, humwita mama yake "he". Makosa haya hayatokani na ujinga. Ni nyayo za lugha nyingine, na hufutika kwa mazoezi.

Mwiba wa pili ni masikio. Aliyejifunza Kiingereza ubaoni huona maneno "though", "through" na "tough" kuwa ndugu wa tumbo moja. Akiyasikia, hayafanani hata kidogo. Kwa kuwa maneno ya mtihani husikizwa mara moja tu, mtoto asiyezoea kusikia hubaki akitafuta neno la kwanza, na hali sauti imekwisha kufika neno la ishirini.

Mwiba wa tatu ni uandishi. Shuleni tumefundishwa kwa desturi ya Kifaransa kuanza mbali, kuweka hoja ya upande huu, kisha hoja ya upande wa pili, na kutoa maoni mwishoni. Katika insha ya mtihani wa Kiingereza yafaa maoni yaonekane mapema, kila fungu la maneno libebe hoja moja, na mfano ufuate. Mwandishi mzuri wa Kifaransa asiyejua desturi hiyo huonekana kama mtu anayezunguka nyumba asiuone mlango.

Mwiba wa nne hutoka katika malezi yetu mema. Mtoto aliyelelewa vizuri hufundishwa kutosema sana mbele ya mkubwa. Akiulizwa, hujibu kwa ufupi, macho chini, kisha hunyamaza. Adabu hiyo ni njema, nasi hatutaki aiache. Lakini mtahini hawezi kupima lugha asiyoisikia. Akiuliza, "Je, waupenda mji wako?" na kijana akajibu, "Ndiyo, bwana," mtahini atafikiri kwamba hana maneno. Yambidi mtoto afahamishwe kuwa katika chumba kile kusema kwa urefu ndiyo heshima yenyewe. Mkubwa amekuja kumsikiliza.

Tumefika kwenye fedha. Ada ya IELTS au TOEFL katika nchi nyingi hukaribia au kupita dola 200 za Marekani. Tumfikirie mama auzaye makala katika soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini. Dola 200 kwake ni magunia mangapi? Ni ada ya shule ya wadogo wangapi? Na ada si mwisho wa gharama. Kituo kikiwa Kinshasa, ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya ndege. Kikiwa Lusaka, kuna nauli, kuna hati ya kusafiria, kuna malazi. Mtihani wa nyumbani nao hutaka kompyuta nzuri, chumba kitulivu na intaneti isiyokatika. Nani katika mitaa yetu asiyejua habari za umeme kuzimika jioni?

Basi, fedha za nyumba moja zinapowekwa juu ya asubuhi moja ya mtoto mmoja, mtoto huyo hubeba mzigo mzito kuliko mtihani wenyewe. Akirudi na 5.5, mama hujiona ameibiwa, wadogo hujiona wamenyang'anywa, naye mtoto hujiona hana akili. Machozi yote hayo yangeweza kupunguzwa kama utaratibu ungegeuzwa: masomo yanunuliwe kwanza, mtihani mwishoni.

Muda wa masomo hayo ni kiasi gani? Baraza la Ulaya mwaka 2001 lilitoa ngazi sita za kupima lugha, kutoka A1 ya wanaoanza mpaka C2 ya mabingwa. Vyuo vikuu vingi hutaka mtu aliyefika B2 au zaidi. Walimu wa Cambridge hukadiria kwamba kutoka mwanzo hadi kufika B2 mtu huhitaji saa 500 hadi 600 za kufundishwa, na kutoka ngazi moja kwenda nyingine saa 200 hivi. Fanyeni hesabu. Kwa saa moja kila siku, ngazi moja ni miezi sita au saba. Anayewaambia kwamba kwa majuma mawili atamtoa mtoto B1 na kumfikisha B2, hata akimfundisha saa mbili kila siku, amempa saa 28. Hizo zatosha kumwonyesha umbo la mtihani, nalo ni jambo la faida. Kumpa lugha hazitoshi. Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna kibaba kilichojazwa kwa tone moja.

Hapa hatuna budi kutoa onyo. Penye haja kubwa hawakosi watu wa kuuza njia ya mkato. Mmoja husema ana maswali ya mtihani ujao. Mwingine husema atamtuma mtu akaketi mahali pa mtoto. Wa tatu huuza karatasi yenye muhuri. Vyuo huyahakiki matokeo kwa mashirika yenyewe, hivyo karatasi ya bandia huishia kumfunga mwenye nayo. Jueni pia habari za Uingereza. Mwezi wa Februari 2014 kipindi cha televisheni ya BBC kilionyesha udanganyifu katika vituo vya mtihani mmoja wa Kiingereza uitwao TOEIC: watu walifanyiwa mtihani na wengine. Uchunguzi uliofuata ulitaja mitihani 33,663 kuwa batili na 22,476 kuwa ya mashaka. Waliodanganya waliadhibiwa, lakini pamoja nao wakafukuzwa masomoni na kunyimwa vibali watu waliosema miaka mingi kwamba hawakukosa lo lote, na wengine wao wakashinda mahakamani. Wizi wa baadhi uliwachafulia jina wengi. Mzazi anayenunua karatasi ya bandia huwaharibia njia watoto wa jirani pia.

Mtu ataweza kutuuliza: Je, mtihani huu ni wa haki kabisa? Hatusemi hivyo. Mwaka 2021 vijana wa Nigeria, nchi ambayo shule zake hufundisha kwa Kiingereza, walianzisha ombi la hadharani wakiuliza kwa nini walazimishwe kulipa ili kuthibitisha lugha waliyosomea tangu utoto. Orodha ya Serikali ya Uingereza ya nchi ambazo wananchi wake hawadaiwi ushahidi huo haina hata nchi moja ya Afrika. Malalamiko yao yana uzito, na wenye mamlaka wapaswa kuyasikia. Lakini kijana wa Lubumbashi anayesubiri barua mwaka huu hawezi kungoja mpaka ulimwengu utengenezwe. Afadhali ajue njia iliyopo, na sheria zake, na pia milango ya pembeni iliyo halali.

Kwa maana milango hiyo ipo. Vyuo vingine humsamehe mtihani mtu aliyekwisha kusoma miaka kadhaa kwa Kiingereza. Vingine humpokea kwa sharti, naye husoma kwanza lugha huko huko chuoni. Vingine huukubali mtihani wa bei ndogo. Hakuna awezaye kuyajua haya bila kuuliza, na barua ya kuuliza haina ada.

Kwa hiyo twawapa wasomaji wetu utaratibu huu.

Kwanza, mwanafunzi aandike kwa chuo anachokitaka, aulize maneno matatu: mtihani upi unakubaliwa, daraja gani linatakiwa kwa jumla na kwa kila sehemu, na siku ya mwisho ya kupokea matokeo. Aulize pia ni IELTS ya namna gani, kwa sababu iko iitwayo Academic, ya wanaokwenda chuo kikuu, na iko iitwayo General Training, ambayo hutumiwa hasa na wanaohama kwa kazi. Aliyelipia namna isiyotakiwa amelipia bure.

Pili, kabla ya kulipa hata senti, atafute mtihani wa mfano. Mashirika yenyewe hutoa mifano bila malipo kwa njia ya intaneti. Aufanye nyumbani, mlango umefungwa, saa mezani, bila kamusi. Mwalimu wake wa Kiingereza ausahihishe kwa ukali. Akikuta yuko mbali ngazi nzima, ajue kwamba ana miezi ya kazi mbele yake, na fedha zikae mahali pake.

Tatu, azoeze kila siku sehemu anayoiogopa. Anayeshindwa kusikia asikilize habari za BBC asubuhi na jioni, hata kama siku za kwanza aambulia maneno matano. Anayeshindwa kuandika aandike ukurasa mmoja kila siku, autoe usahihishwe. Wanafunzi watatu au wanne wa parokia moja waweza kukutana jioni mara mbili kwa juma, wakakubaliana kwamba kwa saa moja hakuna lugha nyingine ila Kiingereza. Kundi hilo halitaki ada yo yote, lataka uaminifu tu.

Nne, alipie mtihani pale anapoona kwamba katika mifano miwili au mitatu mfululizo amefikia daraja linalotakiwa na kulipita kidogo. Twasema kulipita, kwa sababu kila kipimo kina kosa lake, na mtu aweza kushuka nusu daraja kwa usingizi mbaya au kwa woga wa siku ile.

Nanyi wazazi, msiseme kwamba hamna kazi katika jambo hili kwa kuwa hamjui Kiingereza. Baba asiyejua hata neno moja la lugha hiyo aweza kushika saa na kusema, "Muda umekwisha, weka kalamu." Mama aweza kumwambia binti yake jioni, wanapopika bukari: "Nisimulie kwa dakika mbili habari za leo, usikome mpaka nikuambie." Na asimulie kwa Kiswahili! Anayejua kupanga maneno yake kwa lugha ya mama, akaanza, akaendelea, akamaliza, amekwisha kupata nusu ya ustadi ule atakaodaiwa kwa Kiingereza. Zaidi ya yote, mwambieni mtoto kabla ya siku yenyewe kwamba karatasi ile itataja Kiingereza chake cha asubuhi moja. Haitataja akili yake, wala bidii yake, wala nafasi yake mezani kwenu. Mtoto aliyeambiwa hayo huingia chumbani na moyo mtulivu, na moyo mtulivu husikia vizuri zaidi.

Na ikiwa matokeo yatapungua, kaeni pamoja, someni alama za sehemu nne moja moja, muone ni wapi ufunguo haujachongeka. Kisha mrudieni mwalimu mwenye subira, na kile kiasi mlichotaka kukitupa upesi kwenye mtihani wa pili kilipeni kwanza kwenye masomo ya miezi michache ijayo.